Diski ya harusi inapokwama: ipime nyumbani kabla ya kumpelekea fundi

Katika nyumba nyingi za Tanga, kuanzia Ngamiani na Chumbageni hadi Pangani na Mkinga, halikosekani bunda la diski lililohifadhiwa kabatini pamoja na vyombo vya wageni. Humo mna harusi ya mtoto wa kwanza, maulidi yaliyosomwa barazani, na mawaidha ya sheikh ambaye leo ni marehemu. Kanda za VHS zilipoanza kuondoka, wapiga picha walikabidhi kazi zao katika VCD au DVD, na familia nyingi hazina nakala nyingine isipokuwa hiyo moja.

Sasa diski hiyo ikitiwa katika kompyuta, picha huganda na sauti hukatika. Bibi harusi hubaki ameinua mguu kizingitini, kisha ghafla anaonekana amekwisha kuketi. Watu husema diski imekufa, na safari ya kwenda kwa fundi huanza.

Kabla ya safari hiyo, ndugu msomaji, pana jambo la kupimwa. Diski ya usiku wa hina au ya kupambwa bibi harusi ilirekodiwa kwa maafikiano kwamba wataitazama wanawake wenyewe na maharimu wao. Kuiacha kibandani hadi kesho yake ni kuiweka sitara ya watu wengi mikononi mwa mtu ambaye wao hawakumchagua. Mafundi walio wengi ni waaminifu. Lakini hata aliye mwaminifu, ili aijaribu kazi yake, huinakili diski katika kompyuta yake, na nakala hiyo husahaulika humo. Kwa bahati njema, sehemu kubwa ya kazi hii yaweza kufanywa nyumbani na binti au mama anayejua kufungua faili tu.

Kwanza ijulikane kinachotokea. Picha ya DVD ya mfumo wetu wa PAL huhitaji fremu 25 kila sekunde. Mwanga wa leza husoma alama ndogo sana zilizo ndani ya diski, na kompyuta huweka akiba kidogo ya kilichosomwa. Leza ikikutana na mkwaruzo au alama ya kidole, draivu hupunguza mwendo na kurudia kusoma mahali hapo tena na tena. Akiba ikimalizika kabla haijafaulu, picha husimama. Kukwama huko, basi, kwaweza kutoka kwenye diski, kwenye draivu, au kwenye kompyuta iliyozidiwa na kazi.

Ili kuvitenganisha, usiitazame diski, inakili. Fungua diski kama unavyofungua flashi. Katika DVD utaona folda iitwayo VIDEO_TS. Katika VCD folda ni MPEGAV. Iburute folda hiyo hadi ndani ya kompyuta, ukiwa na nafasi ya gigabaiti 5 hivi, kwani DVD ya kawaida ya tabaka moja hubeba 4.7. Kisha itoe diski na uitazame nakala.

Nakala ikienda sawasawa, kompyuta yako haina ila. Kasoro ilikuwa katika usomaji, na tayari umekwisha kuiokoa harusi. Nakala ikikwama pia ingawa kunakili kulikwenda bila tabu, ipeleke kwa flashi katika kompyuta ya jamaa. Ikienda vizuri kule, ujue ni kompyuta yako inayoshindwa. Na kama kunakili kwenyewe kunasimama kila mara mahali pale pale, tatizo ni diski. Hapo nakili faili moja moja, uiruke ile inayokataa. Picha za DVD hugawanywa katika mafaili yasiyozidi gigabaiti 1, hivyo kupoteza moja si kupoteza sherehe yote.

Diski husomwa kuanzia katikati kwenda ukingoni. Ndiyo maana mara nyingi mwanzo wa sherehe huonekana safi na taabu huja mwishoni: ukingo ndio unaoshikwa na vidole na kusuguliwa na kasha. Ioshe kwa maji safi yenye sabuni kidogo, uifute kwa kitambaa laini kikavu kutoka katikati kwenda nje kwa mstari ulionyooka. Usizungushe kitambaa, kwa sababu mkwaruzo unaofuata mzunguko wa diski humsumbua msomaji kuliko ule unaoukata. Wengi wetu tumesikia habari ya kusugua kwa dawa ya mswaki. Yaweza kulainisha mkwaruzo mdogo wa upande wa chini, lakini huleta mikwaruzo mingine midogo. Mimi nisingeijaribu kabla ya kumaliza njia zote, na kamwe si katika diski iliyo ya pekee. Upande wa maandishi nao una hatari yake. Katika CD na VCD, tabaka linaloakisi mwanga liko chini kidogo tu ya maandishi hayo, na kalamu ya wino ngumu yaweza kulijeruhi. Lebo za karatasi zilizobandikwa huifanya diski iyumbe inapozunguka kwa kasi.

Hali ya pwani nayo haisaidii. Diski zilizochomwa na mpiga picha hutegemea tabaka la rangi ambalo jua na joto huliharibu, na unyevu ukipenya huweza kuchakaza tabaka linaloakisi. Bunda lililoegeshwa dirishani kaskazi nzima huzeeka mapema kuliko lililo ndani ya sanduku penye kivuli na ukavu.

Draivu hupimwa kwa urahisi: tia diski nyingine iliyo safi. Zote zikikwama, huenda lenzi ina vumbi au imechoka. Wenye kompyuta mpakato zisizo na draivu, ambao hutumia ile ya nje ya waya wa USB, waichomeke moja kwa moja katika kompyuta, si kupitia kigawanyo, kwani umeme ukiwa mdogo draivu hulegalega.

Ikiwa kompyuta ndiyo yenye kasoro, anza na yaliyo mepesi. Funga programu nyingine zote, chomeka umeme badala ya kutegemea betri inayobana matumizi, na futa vumbi la feni, maana kompyuta yenye joto kali hujipunguzia kasi. Toa virusi. Windows kuanzia toleo la 8 haina programu yake ya kuchezesha DVD, hivyo VLC, ambayo hutolewa bure na ilianzia kwa wanafunzi wa chuo kimoja cha Paris, inafaa. Ndani yake waweza kuongeza muda wa akiba ya diski hadi milisekunde 1000. Mistari kama meno ya kitana inayotokea mtu anapopita haraka si kukwama. Ni namna kamera za zamani zilivyorekodi, na VLC ina kitufe cha kuiondoa kiitwacho Deinterlace.

Wale ambao bado wana Windows XP wana ugonjwa wa peke yake. Draivu ikishindwa kusoma mara sita, mfumo huo huishusha katika njia ya polepole iitwayo PIO, na huiacha humo hata ukitia diski nzuri. Dawa yake ni kuifuta njia ya IDE ya draivu hiyo katika orodha ya Device Manager, kisha kuizima na kuiwasha kompyuta. Windows huiweka upya yenyewe.

Ikibidi kwenda kwa fundi, peleka kompyuta na diski ya mawaidha au ya kasida iliyonunuliwa dukani. Atapima kwa hiyo, na ya nyumbani itabaki nyumbani. Diski yenyewe ikiwa ndiyo mgonjwa, mtu wa familia akae hapo hadi kazi iishe, na nakala ifutwe mbele yake.

Diski ikikataa kabisa, waulize jamaa. Wapiga picha wengi hutoa nakala kadhaa, na ya shangazi aliyeko Muheza, iliyotazamwa mara moja tu ikarudishwa sandukuni, huenda bado ni nzima. Nakala mpya ziwe mbili, katika flashi na katika diski kuu ya nje, zikikaa nyumba mbili tofauti, na juu ya ile ya wanawake paandikwe hivyo.