Njia Ndiyo Imwamrishayo Dereva

Kila agongwapo mtoto mtaani, jambo la kwanza watu walitakalo ni kibao cha kukataza mwendo wa kasi, nacho aghalabu hupatikana, kikasimamishwa, kikaingia vumbi, na magari yakaendelea kupita kama yalivyopita jana. Kwani dereva, hata awe mtu wa hadhari, huitii njia iliyo mbele ya macho yake kuliko maandishi yaliyo pembeni, na njia pana iliyonyooka humwambia bila ya maneno kwamba akaze mwendo.

Baina ya kilomita 30 na 50 kwa saa mtu huona tofauti ndogo, ilhali hesabu yasema vingine. Maadamu mwendo ukizidi mara mbili nguvu ya pigo huzidi mara nne, gari la kilomita 50 hupiga kwa nguvu inayokaribia mara tatu ya lile la 30. Fauka ya hayo, ikiwa dereva hukawia sekunde moja kabla ya mguu kuifikia breki, yule wa 30 atasimama baada ya mita 13 hivi penye lami kavu, na yule wa 50, afikapo pale pale aliposimama mwenziwe, ndiyo kwanza aanza kukanyaga.

Waholanzi waliifahamu siri hii mapema. Katika mji wa Delft, mwishoni mwa miaka ya 1960, njia za mitaani zilipindwa kwa makusudi, zikapandwa miti, na ukingo uliotenga waenda kwa miguu na magari ukaondolewa, hata gari likawa kama mgeni aliyeingia uani kwa watu. Sheria ya kuliamuru lifuate mwendo wa mtu atembeaye ilikuja mwaka 1976, yaani nyuma ya njia, wala haikuitangulia.

Kwetu dawa ijulikanayo ni tuta, nalo lina elimu yake. Tuta fupi lenye mgongo mkali, kama yale wayajengayo wakaazi kwa haraka baada ya msiba, lina kioja: lipitwapo polepole humtesa abiria, seuze mgonjwa akimbizwaye hospitali, bali lipitwapo kwa kasi, magurudumu na springi hulimeza pigo, na mwenye haraka akatoka salama. Kwa ajili hiyo wataalamu wa Uingereza walichagua, mwaka 1973, tuta la mviringo lenye kimo cha sentimita 10 na upana wa mita 3.7 kwa kuufuata mwendo wa gari, ambalo adhabu yake huzidi kadiri kasi izidivyo.

Hata hilo halifai likiwa peke yake, kwani dereva akishalivuka hukazana kuufidia wakati aliopoteza. Hutakiwa matuta yafuatane kwa masafa mafupi. Tena yasiachiwe upenyo mpana wa maji ya mvua kandokando, maana mwenye bodaboda atauona siku ile ile, na huko kandokando ndiko wapitako watoto waendao shule.