Tembo Wakikataa Kupigana

Kila anayejifunza gemu la Age of Empires II hufika siku akawaona tembo wa vita wa Waajemi, na kuanzia hapo hataki kusikia habari za kikosi kingine. Namwelewa. Tembo huyo ana uhai wa pointi 450, na akiboreshwa hufika 600, wakati mpanda farasi mzito ana 100 tu. Akimpiga adui mmoja, walio pembeni nao huumia. Akilifikia lango la mji, lango halidumu. Basi mchezaji anakusanya tembo ishirini, anawatuma peke yao, na baada ya dakika chache wote wamelala mbele ya askari wa mikuki waliogharimu chakula 35 na mbao 25 kila mmoja. Anaamua kwamba tembo hafai.

Tembo anafaa sana. Ila ukitaka kumtumia vizuri, yeye au kikosi chochote cha kale cha ajabu, anza kwa kujiuliza jeshi lako litafanya nini siku atakapokataa kupigana.

Aliyekulia Ngenge, mkoani Kagera, ana mahali pazuri pa kuanzia. Ziwa Burigi haliko mbali, na tangu 2019 eneo lake limo katika Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato. Wakulima wanaopakana na hifadhi za tembo nchini wanayajua mambo mawili kwa pamoja: kundi likiingia shambani, usiku mmoja unatosha kumaliza jasho la msimu mzima, na mnyama huyohuyo hugeuzwa njia kwa kelele za madebe, moto, moshi wa pilipili, hata mvumo wa nyuki. Majemadari wa kale walitegemea ile nguvu, na mara nyingi woga ndio uliowaangusha.

Tembo wa upande wetu wa Afrika waliwahi kupelekwa vitani. Katika karne ya 3 KK, wafalme wa Misri wa ukoo wa Ptolemaio hawakuweza kuwapata tembo wa India, kwa kuwa njia ilikuwa mikononi mwa mahasimu wao wa Syria. Wakageukia pwani ya Bahari ya Shamu, katika nchi ambazo leo ni Sudan na Eritrea. Ptolemaio II alianzisha huko kituo cha kuwakamata, Ptolemais Theron. Tembo walipakiwa merini, wakashushwa Berenike, kisha wakatembezwa jangwani hadi Mto Nile. Kwa muda mrefu wasomi walidhani hao walikuwa tembo wadogo wa msituni. Mwaka 2014 uchunguzi wa vinasaba vya tembo wa Eritrea ulionyesha kuwa ni tembo wa savana, jamii moja na hawa wa Burigi.

Juni 217 KK, huko Raphia, karibu na Rafah ya leo katika Gaza, Ptolemaio IV aliwapanga tembo 73 wa Afrika dhidi ya tembo 102 wa India wa Antioko III, mfalme wa mahasimu hao wa Syria. Mwanahistoria Polybius anasema wengi wa tembo wa Afrika walikataa kuwakabili wenzao, kwa kuogopa harufu yao, sauti yao na umbo lao. Walirudi nyuma, wakaivuruga safu ya askari wao wenyewe, na ubavu wa kushoto wa Ptolemaio ukavunjika. Antioko, akiongoza wapanda farasi, aliwafukuza waliokimbia hadi akaliacha jeshi lake mbali.

Lakini Ptolemaio alishinda. Katikati alikuwa na safu ndefu ya askari wa miguu wenye mikuki mirefu, wakiwemo Wamisri 20,000 waliofundishwa kupigana kwa mtindo wa Makedonia. Hao walisonga mbele wakati adui yao mkuu yuko mbali akishangilia, wakaivunja safu ya Antioko. Kwangu hii ndiyo habari yenye mafunzo kuliko zote kwa mcheza gemu, kwa sababu kikosi cha ajabu kilifeli kabisa na bado mwenye kikosi hicho akashinda vita. Hakuwa amewakabidhi tembo kazi ambayo jeshi lisingeweza kuendelea bila hiyo.

Waislamu miongoni mwetu wanayo habari nyingine ya tembo aliyekataa, ile ya Suratul Fil. Abraha, mtawala wa Yemen mwenye asili ya Uhabeshi, aliongoza jeshi lenye tembo kuiendea Makka katika mwaka unaokumbukwa kwa jina la Mwaka wa Tembo, takriban 570. Mapokeo yanasimulia kwamba tembo wake mkuu alipiga magoti, akakataa kuuelekea mji.

Turudi kwenye kompyuta, maana waliotengeneza magemu haya wamesoma historia hizo na kuziingiza ndani ya kanuni. Katika Rome: Total War ya 2004, tembo wakishikwa na hofu hupagawa, hawasikii amri, na humkanyaga yeyote aliye karibu, wa kwako au wa adui. Mchezaji amepewa kitufe kimoja cha mwisho: kuwaua tembo wake mwenyewe. Kina asili yake. Mwanahistoria Livius anaeleza kwamba mwaka 207 KK, kwenye vita vya mto Metaurus, waongozaji tembo wa Hasdrubal, nduguye jemadari Hannibal, walibeba patasi na nyundo. Tembo akigeukia wenzake, patasi ilipigiliwa pale kichwa kinapoungana na shingo.

Age of Empires II ina wazo hilohilo kwa sura nyingine. Adui anayewatisha tembo wako kuliko wote ni mtawa, ambaye akiimba kwa sekunde chache humpindua tembo akawa wake, pamoja na rasilimali zote ulizomlipia. Tembo ni mzito na mwepesi wa kulengwa, kwa hiyo watawa wanne waliosimama nyuma ya ukuta wanaweza kulichukua jeshi lako, tembo mmoja baada ya mwingine. Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni utafiti wa monasterini, mmoja wa kuwafanya askari wako wawe wagumu kupinduliwa, mwingine wa kumfanya aliyepinduliwa afe papo hapo badala ya kumtumikia adui, na hiyo ndiyo patasi yenyewe. Ya pili ni wapanda farasi wepesi, wenye mbio na wenye pigo la ziada dhidi ya watawa. Hao watangulie. Watawa wakiisha, ndipo tembo waitwe.

Adui wa pili ni mkuki, na hapa mtu wa Kagera ana haki ya kujivuna. Kikosi rahisi kuliko vyote ndicho kinachomwangusha mnyama ghali kuliko wote, kwa sababu chuma kinaweza kusambazwa kwa kila mtu. Katuruka, huko Maruku, na pembeni mwa Ghuba ya Kemondo, wanaakiolojia wamefukua matanuri ya kuyeyushia chuma ya takriban miaka 2,000 iliyopita. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science jinsi mafundi wa matanuri hayo walivyofikisha joto kubwa ndani ya tanuri. Jamii yenye chuma kingi haihitaji mnyama wa ajabu ili kumzuia mnyama wa ajabu. Kwenye gemu, mkuki unazuiwa na watupa vimkuki, ambao wana pigo la ziada dhidi ya askari wa mikuki, hugharimu chakula na mbao tu, na hupiga kwa mbali. Kumi na tano kati yao, wakitembea hatua chache nyuma ya tembo, huyabadilisha mapambano kabisa. Sioni sababu ya kupeleka tembo bila wao.

Halafu kuna suala la wakati, ambalo wachezaji wengi hulipuuza. Mcheza bao anaijua nyumba, lile shimo la mraba linaloanza na kete sita. Asiye na subira huivunja mapema ili ale kete chache. Mzoefu huilaza, huijaza, akasafiri nayo wakati mpinzani hana pa kujificha. Tembo ni vivyo hivyo. Mwanzoni mwa mchezo bei yake inakunyima wakulima, na bila wakulima huna la kuendelea nalo. Mwishoni hesabu inageuka. Kwa kawaida kila mchezaji ana kikomo cha watu 200. Akishakijaza, na ghala lake likiwa limefurika chakula, swali la bei linaisha. Swali linakuwa nani anaijaza nafasi moja kwa nguvu kubwa zaidi, na tembo huchukua nafasi moja tu, sawa na askari wa mkuki. Hapo ndipo Waajemi huogopwa.

Mshtuko nao una muda wake. Mwaka 280 KK mfalme Pyrrhus aliwashinda Warumi huko Heraclea akiwa na tembo 20, na farasi wa Kirumi hawakuwahi kuona wala kunusa kitu kama hicho. Miaka mitano baadaye Warumi walikwisha kuzoea. Huko Zama mwaka 202 KK, jemadari wao Scipio aliwangoja tembo takriban 80 wa Hannibal akiwa ameacha njia wazi kati ya vikosi vyake. Baragumu zikawatisha baadhi wakageuka nyuma, wengine wakapita katika zile njia wakichomwa mikuki pande zote. Kwa hiyo mpinzani ambaye hajawaona tembo wako asiwaone mpaka siku ya kazi. Usiwatume watano kupima maji. Ukiwatuma watano leo, kesho atakuwa na mikuki hamsini.

Vikosi vingine vya ajabu vinahitaji macho ya aina nyingine. Ngamia ana pigo la ziada dhidi ya farasi, jambo linalokumbusha mwanahistoria Herodotus alivyosimulia juu ya mfalme Cyrus, aliyewaweka ngamia mbele ili farasi wa Lydia wakimbie harufu yao. Mpinzani asipokuwa na farasi, ngamia wako ni hasara tupu, kwa hiyo peleka mpelelezi kwanza. Wahabeshi waliongezwa katika Age of Empires II mwaka 2015, pamoja na askari wao wa shotel, ule upanga uliopinda. Uhai wake ni mdogo, pigo lake ni kubwa, na hufunzwa upesi kuliko karibu askari wote wa ngomeni. Huyo ni kinyume cha tembo. Mtumie mapema, mtumie kwa wingi, na usihuzunike akifa, maana mwenzake ameshatoka mlangoni.

Kikosi ninachokitamani zaidi katika magemu haya ni mtumbwi wa vita wa Ziwa Viktoria. Gemu la Humankind, mwaka 2022, liliwapa Waswahili mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila misumari. Mitumbwi mikubwa ya Buganda nayo ilikuwa ya mbao zilizoshonwa, na mwaka 1875 Kabaka Mutesa aliikusanya kwa mamia dhidi ya Buvuma. Mwaka huohuo, mwezi Aprili, watu wa Bumbire, kisiwa kilichomo leo katika Wilaya ya Muleba, waliizuia mashua ya msafiri Henry Morton Stanley na kumnyang'anya makasia. Agosti alirudi na mitumbwi na bunduki, akakaa majini ambako silaha zao hazikumfikia vyema, akawapiga risasi waliojipanga ufukweni. Yalikuwa mauaji, na wala siyataji kama mfano wa ushujaa. Lakini yanaonyesha wazi kile chombo cha majini kinampa jemadari: uwezo wa kuchagua umbali, na wa kuchagua ufuko.

Uwezo huo unaweza kumpa hata tembo, kama Ptolemaio II alivyowapakia wake merini. Ukicheza kwenye ramani yenye maji mengi, mwache adui aipange mikuki yake mbele ya lango la nchi kavu, huku watupa vimkuki wako wakimshughulisha hapo. Wapakie tembo kwenye meli za kubebea, zunguka, uwashushe upande wa mashamba na masoko, ambako hakuna anayewangoja. Meli hizo zisafiri na za kivita ubavuni. Mwanahistoria Diodorus anaeleza jinsi meli za tembo, kwa uzito wake, zilivyokuwa zikikwama kwenye mafungu ya Bahari ya Shamu, na kwenye gemu pia meli moja ikizama, wote waliomo huzama nayo.