Mashine ya kupumulia usingizini: isome kwanza, ndipo uiguse



Ami yangu wa Likoni alikuwa akikoroma hadi jirani akasikia. Tukicheka. Mchana akikaa tu, kichwa kinaanguka. Ameshapitiwa na usingizi ndani ya feri, akaja kuamshwa ng'ambo. Hospitali ikamwambia si uchovu wala uzee. Usingizini koo lake hujifunga, pumzi hukatika kwa sekunde 10 au zaidi, ubongo ukamshtua apumue, kisha mambo yakarudi vile vile usiku kucha. Ugonjwa huo huitwa apnea ya usingizi. Usipotibiwa hupandisha presha ya damu na kuuchosha moyo. Na dereva wa lori atokaye Changamwe akiwa nao, hatari si yake peke yake.

Akapewa mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa kupitia mpira na barakoa ili koo lisijifunge. Ilibuniwa na daktari Colin Sullivan huko Sydney, Australia, akaitangaza mwaka 1981. Mwezi wa pili ami akanipigia simu.

"Mwanangu, mashine yasema AHI ni 3. Daktari alisema chini ya 5 ni sawa. Mbona bado nasinzia?"

"Shikamoo ami. Nakuja tuitazame pamoja."

AHI ni hesabu ya mara ngapi kwa saa pumzi hukatika au hupungua. Chini ya 5 ni kawaida, 5 hadi 15 ugonjwa mwepesi, 15 hadi 30 wa kati, na kuanzia 30 ni mkali. Kosa letu ni kutazama nambari hiyo peke yake. Mashine husema mambo zaidi, na yana mpangilio wake.

La kwanza ni saa. Ami alikuwa akiivaa saa mbili na nusu, kisha akiivua. Hiyo 3 ilikuwa ya saa alizoivaa tu. Sehemu ya usiku iliyobaki pumzi ilikatika kama zamani, bila wa kuhesabu. Ivae kila ulalapo. Hata Ramadhani, ukirudi kulala baada ya daku na swala ya alfajiri, ivae tena.

La pili ni hewa inayovuja. Kwenye mashine za ResMed, mvujo ukipita lita 24 kwa dakika ni mwingi. Hewa ikivuja sana presha haifiki kooni, na hata hesabu ya AHI haiaminiki. Kwa ami sababu ilikuwa ndevu: barakoa ilikaa juu ya nywele, haikushika ngozi. Msimwambie mzee anyoe. Ziko barakoa ndogo zinazokaa kwenye matundu ya pua tu, hazigusi ndevu. Lakini kama mdomo hufunguka usingizini, hewa itatokea huko, mweleze anayekuhudumia.

La tatu ni aina ya pumzi iliyokatika. Mashine nyingi hutenganisha mbili. Moja ni koo kujifunga, na hii presha huisaidia. Nyingine njia iko wazi lakini ubongo haukutoa amri ya kupumua. Hii ya pili, ukiongeza presha, yaweza kuzidi. Ndiyo maana yule asemaye "pandisha tu" anaweza kukuumiza akidhani anakusaidia. Pengine ni moyo unaotaka kuangaliwa, si mashine.

Na presha yenyewe? Hupimwa kwa sentimita za maji, kwa kawaida kati ya 4 na 20. Mashine zinazojirekebisha mara nyingi hutoka kiwandani zikiwa wazi kote, 4 hadi 20. Kwa watu wazima wengi 4 ni hewa kidogo, mtu ahisi anabanwa pumzi, aivue. Daktari akiona kumbukumbu za usiku kadhaa anaweza kupandisha kile kiwango cha chini, au kushusha cha juu kama hewa inakuamsha. Mabadiliko yawe moja kwa wakati, kisha ungoje siku kadhaa uone. Ukigeuza mambo matatu usiku mmoja hutajua lipi limekufaa.

Yako uliyoweza kugeuza mwenyewe: mikanda ya barakoa, muda wa presha kupanda polepole mwanzoni, na unyevu. Pwani yetu ina unyevu wa kutosha; ukiona maji yanakusanyika kwenye mpira, punguza. Wala usitie maji ya kisima ya Kisauni yenye chumvi. Tia maji yaliyosafishwa kwa mvuke, yasiyo na madini.

Neno la mwisho ni kwa wanaoletewa mashine iliyotumika na jamaa kutoka Ughaibuni. Mashine hiyo ina presha ya mwenyewe wa kwanza. Iangalie pia: mwezi Juni 2021 Philips iliita mamilioni ya mashine zake kwa sababu sifongo ya ndani ilikuwa ikichakaa. Ipeleke kwa daktari kabla ya kuivaa.

Ami amebadilishiwa barakoa, sasa analala saa sita. Wiki iliyopita alivuka feri macho yamemtoka, akanisomea majina ya matatu zote za ng'ambo. Alhamdulillah. Kama nyumbani kwenu yuko anayekoroma kisha akanyamaza ghafla, msimcheke. Mpelekeni.