Usiache Insulini kwa Sababu Umefunga
Wagonjwa wa kisukari hapa Kitengela, na hata wanaotoka Kajiado mjini, huniuliza: nikifunga siku tatu kwa maombi, sindano ni ya nini nami sili?

Insulini haihusiki na sukari pekee; huzuia pia misuli isivunjwe. Mtu mwenye afya akifunga, insulini hupungua, misuli hutoa asidi amino, hasa alanini, na ini huzigeuza sukari ya kulisha ubongo. Dkt. George Cahill wa Boston, Marekani, alionyesha miaka ya 1960 kwamba mfungo ukirefuka, ketoni zitokanazo na mafuta huulisha ubongo, na misuli ikapata nafuu. Insulini kidogo iliyobaki ndiyo breki.

Ambaye kongosho lake halitoi insulini, akiacha sindano, misuli huyeyuka, sukari hupanda bila chakula na ketoni hujaa damuni. Zinaweza kumuua kwa siku chache. Dozi hupunguzwa na daktari kabla ya mfungo, haikatwi yote.