Kuihifadhi Mashine ya Boti Masika na Kusi

Ndugu Wanachama,

Mavuno yakisha na masika yakiingia, boti nyingi hupandishwa pwani. Mashine hutolewa ikawekwa bandani, na huko ndiko inakofia. Watu wa nchi za baridi huchelea maji kuganda ndani yake; adui yetu sisi ni chumvi na unyevu. Kutu huishika pistoni, na siku magunia ya karafuu yanangoja gatini, kamba haivutiki.

Dawa yake kwa mashine za kabureta ni hii. Kwanza, iwashe ndani ya pipa la maji baridi ya kisima kwa dakika kumi, itoke chumvi. Usiiwashe pakavu hata kidogo, kwani mpira wa pampu ya maji huungua. Pili, ingali inaunguruma, chomoa mpira wa petroli, upulizie oili katika mdomo wa kabureta mpaka itoe moshi mzito na kuzimika. Tatu, fungua plagi, tia kijiko kidogo cha oili katika kila silinda, vuta kamba polepole mara tatu nne, kisha rejesha plagi. Mwisho, badili oili ya gia. Ikitoka nyeupe kama tui, maji yameingia, na sili ibadilishwe. Iweke mashine wima, maji yote yachuruzike.

Kazi hii haizidi asubuhi moja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wenu,
Katibu