Je, Wajua? Wigi Lisomwe kwa Ndani

Je, wajua kwamba sehemu ya wigi inayoamua kama utalivaa mwaka mzima au utalitelekeza kabatini baada ya wiki moja ni ile asiyoiona mtu? Ni kofia yake: wavu, kitambaa na mikanda ya ndani inayoshikilia nywele. Mteja anayeingia duka la urembo pale Kabeza, wilayani Kicukiro, mjini Kigali, Rwanda, jirani na uwanja wa ndege wa Kanombe, kwa kawaida huanza na urefu, rangi na mawimbi. Ningemshauri alipindue wigi ndani nje kabla hata ya kuuliza bei.

Akipindua la bei nafuu ataona mistari ya nywele iliyoshonwa kwa cherehani juu ya riboni za lastiki, na kati ya mstari na mstari pako wazi. Hilo ndilo wigi la mashine. Uwazi ule hupitisha hewa, ndiyo maana aina hii inawafaa sana watu wa Dar es Salaam na Mombasa wanaoshinda na jasho. Kigali imekaa zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo joto si kali na hata kofia nzito kidogo huvumilika. Kasoro ya wigi la mashine iko utosini: nywele za hapo hutimuliwa na kuinuliwa ili zifiche mishono, na njia ya nywele hukaa pale pale kiwanda kilipoiweka.

Kuacha matundu kwenye kofia ni ujuzi wa kale. British Museum mjini London ina wigi kutoka Thebes, Misri, lenye umri wa takriban miaka 3,400. Lina nywele za binadamu zipatazo 120,000, zaidi ya zile zinazoota kwenye kichwa cha kawaida, ambazo ni kama 100,000. Ziligawanywa mafungu ya nywele 400 hivi, zikapakwa nta ya nyuki na utomvu ili zisifumuke. Kofia iliyozibeba ni wavu uliosukwa kwa nywele vilevile, wenye matundu ya umbo la almasi.

Je, wajua kwamba kwenye wigi la lesi nywele hufungwa moja moja au mbili mbili? Mfumaji hushika sindano yenye ndoano, hunasa unywele mmoja au nywele mbili, huzivuta kwenye tundu la lesi na kuzikaza kwa fundo. Kisha anarudia, maelfu ya mara. Unachokilipia ni kazi hiyo ya mikono, na namba zilizoandikwa kwenye boksi hukwambia imefika wapi. Frontali ya 13x4 ina lesi ya inchi 13 kutoka sikio hadi sikio kupitia mbele, na inchi 4 kurudi nyuma. Kloja ya 4x4 ni kipande cha mraba tu katikati ya mbele. Kwingine kote ni mistari ya mashine. Lesi kamili hufunika kichwa kizima, ndiyo inayokuruhusu kubana nywele juu bila kofia kuonekana.

Wengi hukimbilia frontali kwa sababu ndiyo wanayoiona kwenye picha. Kwa wigi la kwanza, naona kloja ndiyo chaguo la busara. Frontali ikitaka kulala vizuri huhitaji gundi kwenye ukingo mzima wa paji la uso, na gundi ikibanduliwa bila dawa yake huondoka na zile nywele laini za pembeni ambazo hazirudi haraka. Kloja hukaa kwa mkanda wa lastiki na vichana vyake.

Tazama pia rangi ya lesi. Nyingi huja nyeupe au za kahawia hafifu, na juu ya ngozi nyeusi huonekana kama utando wa kijivu. Wasusi huichovya kwenye chai ya rangi iliyokolea, au huipaka poda inayofanana na ngozi ya mteja kwa upande wa ndani. Njia hizo mbili hazidhuru fundo. Dawa ya kung'arisha mafundo huyadhoofisha, na ikizidi utakuta nywele kwenye mto kila asubuhi.

Jambo moja la Rwanda hubadilisha hesabu yote. Shule nyingi huwataka wanafunzi, wasichana kwa wavulana, wawe na nywele fupi. Msichana anayemaliza sekondari hununua wigi la kwanza akiwa na nywele zisizosukika. Wigi lenye uwazi wa herufi U utosini halimfai, kwa kuwa linategemea nywele zako mwenyewe zitoke kufunika mshono. Aina hiyo ni jamaa wa karibu wa ushonaji wa nywele ambao Christina Jenkins, Mmarekani mweusi wa Ohio, aliupatia hataza mwaka 1952, nao pia ulihitaji nywele za kushikia. Vichana vya ndani navyo havina pa kung'ata. Anachohitaji ni mkanda mpana wa lastiki unaopita kisogoni.

Halafu kuna helmeti. Abiria wa moto, yaani pikipiki ya kukodi ya Kigali, lazima aivae, na anapoivua wigi lisilokazwa hutoka nayo. Helmeti pia husugua lesi ya mbele, mafundo ya hapo yakakatika mapema kuliko ya kwingine. Anayepanda moto kila siku ana sababu nzuri ya kuchagua wigi la mkanda wa kitambaa mbele: halina lesi ya kuharibika.

Kwa wengine, wigi la kwanza linatokana na ugonjwa. Hospitali ya kijeshi ya Kanombe, si mbali na Kabeza, hutoa tiba ya mionzi kwa wagonjwa wa saratani tangu 2019. Saratani hutibiwa pia kwa dawa za kemikali, na nyingi kati ya hizo huangusha nywele wiki ya pili au ya tatu tangu matibabu yaanze. Ngozi ya kichwa iliyobaki tupu huuma. Mishono ya mashine huikwaruza na vichana huichubua. Hapo inafaa kofia ya monofilamenti, yaani wavu laini wa nyuzi nyembamba utosini, au iliyofungwa yote kwa mkono, isiyo na chuma wala kichana. Ni vyema ichaguliwe kabla nywele hazijaanguka, ili rangi ilinganishwe, na iwe na mikanda ya kukaza, maana kichwa kisicho na nywele hupungua kipimo. Natamani kila duka linalouza wigi jirani na hospitali liweke walau chache za aina hii.

  

Kuhusu kipimo, chukua futi kamba ya fundi cherehani. Izungushe kuanzia nywele zinapoanzia mbele, pita nyuma ya sikio, chini ya kisogo, urudi ulikoanzia. Saizi ya kati ni sentimita 56 hadi 57 hivi. Kama utasuka nywele zako mistari chini ya wigi, pima baada ya kusuka, kwa sababu mistari huongeza unene. Kofia ndogo hupanda polepole kuelekea utosini, kubwa huzunguka. Likishakaa kichwani, inama kama anayefunga kamba za viatu, tikisa kichwa kushoto na kulia, kisha omba helmeti ya motari, yaani dereva wa moto, aliye nje uijaribu juu yake kabla hujalipa.