Maua ya Zawadi Yafike Yangali Mabichi

Mawaridi yakuzwayo kando ya Ziwa Naivasha husafirishwa kwa ndege mpaka Uholanzi, nayo hufika yangali mabichi, kwa kuwa huwekwa mahali penye baridi tangu yakatwapo. Lakini shada lipelekwalo kwa basi katika mji mdogo, kwa mgonjwa au kwa maharusi, mara nyingi hufika limenyauka. Kinga yake ni rahisi. Yakateni maua alfajiri kwa kisu kikali, myatie majini mara moja. Ondoeni majani yatakayozama, kwani huoza na kuziba njia za maji katika vikonyo. Wakati wa safari vifungeni vikonyo kwa kitambaa kilicholoweshwa, wala msilipakie shada karibu na ndizi mbivu, maana hewa itokayo katika matunda yaivayo huyazeesha maua upesi. Hapo mgonjwa atalifurahia kwa siku kadhaa.